TAYLOR: BWANA ALIYEPIMA JASHO LA WATU KWA SAA

Mfanyakazi akigundua njia ya kumaliza kwa saa 3 kazi ambayo wenzake huimaliza kwa saa 6, je, amwambie tajiri wake au anyamaze? Swali hili huulizwa kila siku viwandani, mashambani na hata maofisini, ingawa huulizwa kwa kunong'ona. Wengi hunyamaza. Tajiri akiwaona wanajikokota huwaita wavivu, nao wakimwona anakuja huinamia kazi mpaka apite.

Mtu aliyelichungua swali hili kwa makini sana, kisha akalitafutia jibu lililogeuza viwanda vya dunia, ni Frederick Winslow Taylor wa Marekani. Nimeyasoma maisha yake zaidi ya mara moja, na kila nisomapo hunijia fikira mbili zinazogombana. Ya kwanza ni kwamba wakubwa wachache sana wa viwanda wamewahi kuuelewa moyo wa kibarua kama yeye alivyouelewa. Ya pili ni kwamba elimu hiyo aliitumia kwa namna iliyowachukiza vibarua wenyewe.

MTOTO WA NYUMBA YA MALI

Taylor alizaliwa tarehe 20 Machi, 1856, huko Germantown katika mji wa Philadelphia. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali, na mama yake alikuwa miongoni mwa akina mama waliopigania kuachwa huru kwa watumwa wa Marekani. Walikuwa watu wa madhehebu ya Quaker, ambao huchukia anasa na kuheshimu kazi. Akiwa kijana mdogo alipelekwa Ulaya, akakaa huko miaka kama mitatu akijifunza Kifaransa na Kijerumani.

Waliocheza naye utotoni walisimulia baadaye kwamba hata mchezo wa mpira hakuuanza kabla uwanja haujapimwa sawasawa kwa futi na inchi. Wenzake walitaka kucheza, yeye alitaka kupima. Tabia hiyo hakuiacha mpaka kufa.

Wazazi walitaka awe mwanasheria. Wakampeleka shule ya Phillips Exeter ili ajitayarishe kwa Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka wa 1874 akaupasi vizuri mtihani wa kuingia. Lakini macho yalimsumbua na kichwa kikamwuma kwa kusoma usiku, basi Harvard hakwenda. Mwana huyo wa mwanasheria akavaa nguo za kazi, akaingia katika kiwanda cha pampu huko Philadelphia kuwa mwanagenzi. Akakaa miaka 4 akijifunza kuchonga vielelezo vya mbao vya kusubia chuma na kuendesha mashine. Huko alijifunza ufundi, na alijifunza matusi pia, ambayo yaliendelea kumtoka kinywani hata alipokuwa mtu wa kukaa na wakubwa.

Mwaka wa 1878 akaandikwa kibarua katika kiwanda cha chuma cha Midvale, katika mji huo huo. Ni lazima tukumbuke kwamba hakuwa kibarua kama wengine. Ukoo wa Clark, uliokuwa na hisa katika kiwanda hicho, ulikuwa rafiki wa ukoo wao. Dada yake aliolewa na Clarence Clark, na mwaka wa 1881 Taylor na Clark huyo walishinda pamoja ubingwa wa kwanza wa tenisi ya wawili wawili wa Marekani. Mchana alipakwa grisi, Jumamosi alishika raketi. Kutoka kibarua akawa karani, kutoka karani akawa fundi wa mashine ya kukerezea chuma, kisha mnyapara wa mafundi hao, na ilipofika 1884 alikuwa mhandisi mkuu wa kiwanda kizima. Shahada yake ya uhandisi aliipata mwaka wa 1883 kutoka chuo cha Stevens, akisoma nyumbani baada ya kazi.

VITA YA MIDVALE

Mafundi wa Midvale walilipwa kwa kila kipande walichokereza. Kwa kuangalia haraka, hayo ni malipo ya haki: ufanyavyo zaidi ndivyo upatavyo zaidi. Lakini tuchukue mfano. Fundi anakereza vipande 10 kwa siku, na kila kimoja ni senti 20, kwa hiyo anapata dola 2. Siku moja anabuni namna ya kukifunga chuma upesi zaidi, akatoa vipande 15 na kupata dola 3. Tajiri anatazama kitabu cha mishahara, anaona dola 3 ni nyingi mno kwa fundi, anapunguza bei ya kipande mpaka senti 14. Sasa fundi yule anatoa vipande 15 kwa karibu dola 2 zile zile. Amejiongezea jasho, bali mfuko umebaki vile vile. Tena wenzake wote sasa watadaiwa vipande 15, na wawili watatu watafutwa kwa kuwa hawahitajiki. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa aliyechuma juani alimwona mwingine akila kivulini.

Kwa sababu hiyo mafundi wa Midvale walipatana wenyewe kwa wenyewe kiasi cha kazi ya siku, na hakuna aliyeruhusiwa kukivuka. Taylor alikuwa mmoja wao, akazishika sheria zao, na kwa hesabu yake walikuwa wakitoa kama theluthi moja tu ya ambayo wangeweza. Alipofanywa mnyapara, mafundi walimwendea kwa urafiki wakamtahadharisha asiwe mnyapara wa kuwakamua. Akawajibu waziwazi kwamba sasa yuko upande wa wenye kiwanda, na kwamba atataka kazi zaidi kutoka katika mashine zile.

Hapo ikaanza vita iliyodumu kama miaka mitatu. Taylor aliwafundisha kazi vibarua wasiojua ufundi kwa sharti kwamba watatoa kazi nyingi, nao walipokwisha kujua wakajiunga na wenzao na kupunguza mwendo. Akapunguza bei ya kipande kwa nusu ili walazimike kufanya zaidi. Mashine zikaanza kuvunjika, na mafundi wakasema ni kwa sababu ya haraka ya mnyapara. Akaweka faini: mashine ikivunjika, aliyekuwa akiiendesha atalipa, na fedha hizo ziliwekwa katika mfuko wa kuwasaidia wafanyakazi wenyewe. Rafiki zake walimwonya asitembee peke yake jioni kando ya reli akirudi nyumbani, maana angeweza kupigwa risasi. Akaendelea kutembea, tena bila silaha.

Mwishowe alishinda, lakini hakuufurahia ushindi huo. Mwaka wa 1912, akitoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la Marekani, alikiri mambo mawili yanayomletea heshima. Alikiri kwamba asingeweza kushinda kama angekuwa mtoto wa fundi, anayeishi katika mtaa wa mafundi, kwa sababu majirani wangemwandama yeye na watu wa nyumbani kwake mpaka akubali. Alikiri pia kwamba rafiki zake mafundi walipomwuliza faraghani kama angewashauri kwa faida yao wafanye kazi zaidi, ilimbidi awaambie ukweli: kama angekuwa mahali pao angepinga kama wao, kwani kwa mtindo ule wa malipo wasingeongezewa chochote.

Hilo ndilo jambo kubwa aliloliona. Kuzembea kwa wafanyakazi wale hakukuwa uvivu, ilikuwa hesabu. Aliandika kwamba uko uvivu wa kawaida wa binadamu, lakini kubwa na baya zaidi ni kule kujizuia kwa makusudi kunakofundishwa na tajiri mwenyewe anapopunguza bei.

Mimi sikuhitaji kitabu kuliamini jambo hilo. Katika ujana wangu nilifanya kazi ya mikono katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Tulikuwa na mzee mmoja aliyekunja maboksi, na mzee huyo alikuwa na kijiti alichokichonga mwenyewe, kilichomsaidia kuyakunja upesi bila kuumia vidole. Mnyapara akitokea, kijiti huingia mfukoni. Nilimwuliza kwa adabu kwa nini anakificha kitu kizuri kama kile. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwanawe, kwamba siku kijiti kile kitakapojulikana kila mmoja wetu ataongezewa kipimo na baadhi yetu watakwenda nyumbani. Mzee yule alikuwa mvumbuzi, na kiwanda kile hakikujua kamwe kwamba kina mvumbuzi.

SAA, BELESHI NA MIKUO YA CHUMA

Taylor aliamini kwamba ugomvi wote hutokana na kutojua. Tajiri hajui kazi ya siku ni kiasi gani, na fundi anayejua hasemi. Basi ipimwe kama uwanja wa mpira. Mwaka wa 1880 aliruhusiwa na mkuu wa Midvale, Bwana William Sellers, kuanza majaribio ya kukata chuma: mwendo gani, makali ya namna gani, kina gani. Alidhani yatachukua miezi 6. Yalichukua miaka 26, kutoka kiwanda hadi kiwanda. Majaribio kati ya 30,000 na 50,000 yaliandikwa, na zaidi ya ratili 800,000 za chuma zikageuzwa kuwa vinyweleo. Upande wa pili alianza kuigawa kazi ya mtu katika vitendo vidogo vidogo na kuvipima kimoja kimoja kwa saa ya mkononi.

Mwaka wa 1898 aliitwa na kampuni ya chuma ya Bethlehem katika jimbo la Pennsylvania. Huko yeye na mwenzake Maunsel White waligundua kwamba chuma cha makali kikipashwa moto mkali sana, karibu na kuyeyuka, kinapata nguvu ya kukata kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Walikionyesha katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka wa 1900, na mafundi wa Ulaya wakasimama wakishangaa kuona makali yamewiva rangi nyekundu na bado yanakata. Wakaandikisha uvumbuzi huo serikalini kwa majina yao. Hapa naomba msomaji aweke alama, maana nitarudi.

Huko huko Bethlehem ndiko kulikotokea kisa kinachofundishwa mpaka leo vyuoni. Vibarua walikuwa wakibeba mikuo ya chuma, kila mmoja uzito wa ratili 92, yaani karibu kilo 42, na kuipakia katika magari ya reli. Kila mtu alipakia kama tani 12 na nusu kwa siku, kwa mshahara wa dola 1 na senti 15. Taylor alidai kwamba mtu mwenye nguvu, akiambiwa lini abebe na lini apumzike, anaweza kupakia tani 47. Akachaguliwa kibarua mmoja aliyeitwa Henry Noll, ambaye Taylor katika maandishi yake alimbandika jina la Schmidt. Noll alikuwa akijijengea kijumba kwa mikono yake baada ya kazi, kwa hiyo alihitaji fedha. Akaahidiwa dola 1 na senti 85. Akafanya kama alivyoamriwa, akafikisha kipimo. Watafiti waliochunguza makaratasi ya kampuni walionyesha mwaka wa 1974 kwamba Taylor alikipamba kisa hiki, na kwamba wengi wa vibarua walikishindwa kipimo hicho au kukikataa. Lakini hata tukikipokea kama alivyokieleza, hesabu iko wazi: kazi iliongezeka karibu mara nne, mshahara uliongezeka kwa senti 70, ambazo hata mara mbili hazifiki.

Beleshi nalo lilipimwa. Kibarua alikuwa akitumia beleshi moja kwa makaa mepesi na kwa mawe mazito ya chuma. Taylor akapata kwamba mtu hufanya kazi nyingi zaidi ikiwa kila chota lina uzito wa ratili 21 hivi, basi akaagiza mabeleshi mbalimbali, kubwa kwa vitu vyepesi na dogo kwa vizito. Kwa maelezo yake, wachotaji waliokuwa kati ya 400 na 600 walipungua mpaka 140, na waliobaki walipata dola 1 na senti 88 kwa siku. Wale waliobaki bila shaka walimshukuru. Wale mamia waliotoka hawakuandikwa walisema nini.

Mwaka wa 1901 wakubwa wa Bethlehem walichoshwa naye wakamwachisha kazi. Kwa kuwa sasa alikuwa na mali, alitangaza kwamba hatafanya tena kazi ya malipo, akaanza kuwafundisha wengine bure nyumbani kwake Philadelphia. Mwaka wa 1906 alikuwa rais wa chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, na mwaka wa 1911 kikatoka kitabu chake juu ya misingi ya uongozi wa kisayansi, kilichofasiriwa kwa lugha nyingi.

MAFUNDI WANAKATAA KUPIMWA

Mwaka huo huo wa 1911, mwezi wa Agosti, mtindo wake ulipelekwa katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts. Mpimaji akasimama na saa nyuma ya mafundi wa kusubu chuma, na huyo mpimaji hakuwa fundi wa kusubu. Fundi mmoja akakataa kupimwa, akafutwa, na wenzake wakaweka vyombo chini wakatoka. Mgomo wenyewe ulikuwa wa siku chache, lakini kelele zake zilifika Washington. Bunge likaunda kamati, na Taylor akahojiwa kwa siku kadhaa katika Januari 1912. Mtu aliyezoea kusikilizwa sasa alilazimika kujibu maswali ya watu wa vyama vya wafanyakazi, na mara nyingine hasira zilimpanda.

Katika miezi yake ya mwisho mke wake, Louise, alikuwa mgonjwa na yeye mwenyewe amechoka. Mapema mwaka wa 1915 alishikwa na kichomi, akalazwa hospitali Philadelphia. Alitimiza miaka 59 kitandani, na kesho yake, tarehe 21 Machi, akafa. Inasimuliwa kwamba alfajiri hiyo muuguzi alimsikia akiitia ufunguo saa yake. Mwezi huo huo bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuzuia fedha za jeshi zisitumiwe kulipia upimaji wa kazi kwa saa.

NANI ALIYERUHUSIWA KUFIKIRI?

Sasa narudi pale nilipoomba pawekwe alama. Ukiuliza katika Midvale yote ni mwajiriwa gani aliyevumbua zaidi, jibu ni Taylor. Kwa nini yeye hakukificha kijiti chake mfukoni? Kwa sababu alipovumbua alipandishwa cheo. Alipewa miaka na chuma cha kuharibu akijaribu. Uvumbuzi wake uliandikwa kwa jina lake. Kwake yeye, faida yake na faida ya kiwanda zilitembea njia moja, basi akatoa akili yake yote.

Kumbe dawa aliijua, maana aliionja. Na tumpe haki yake: aliandika kwamba fundi akitoa wazo bora kuliko la ofisi apewe sifa na zawadi ya fedha, na alisisitiza kwamba bei ikishapimwa isipunguzwe. Lakini mtindo aliouunda ulitembea kinyume. Kufikiri kuliondolewa karakanani kukapelekwa katika ofisi ya mipango, na fundi akapewa karatasi inayomwambia afanye nini, vipi, na kwa dakika ngapi. Hila za ufundi, zilizorithiwa kwa baba na babu, zilichukuliwa kwa saa na kalamu bila mwenyewe kulipwa. Matajiri wengi walioufuata mtindo huo walichukua saa wakaacha ahadi. Hata Lenin, aliyeulaani mtindo huo mwaka wa 1914 kama utumwa wa mashine, mwaka wa 1918 aliwataka Warusi wausome.

Wako waliojaribu njia nyingine. Huko Dumbarton, Uskoti, kiwanda cha meli cha Denny kilianza mwaka wa 1880, mwaka ule ule Taylor alipoanza kukata chuma, kuwapa zawadi wafanyakazi waliobuni njia bora za kazi. Na mwaka wa 1951 kampuni ya Toyota ya Japani, iliyokuwa imetikiswa na mgomo mkubwa mwaka uliotangulia, ilianzisha mpango wa kukusanya mawazo ya wafanyakazi na kuyalipa, baada ya wakubwa wake kuona mpango wa namna hiyo katika viwanda vya Ford huko Marekani. Fundi aliyeajiriwa kwa kudumu hana haja ya kuogopa kwamba wazo lake litamfuta kazi yeye au jirani yake. Ndipo vijiti vilipoanza kutoka mifukoni.

Anayelipwa kwa kilo za chai au kwa mifuko aliyopakia anaijua hesabu ya Midvale bila kufundishwa. Tajiri anayelalamika kwamba watu wake hawana ubunifu ni vizuri ajiulize kwanza: mtu wa mwisho aliyekuja kwake na wazo zuri alipata nini, na wenzake walipata nini? Wafanyakazi wanalijua jibu, na kazi yao ya kila siku hufuata jibu hilo.